Willard Libby: Mwanakemia aliyefanya makaa yataje umri wake

Ukipanda matatu Nakuru kwenda Njoro, pengine unawaza nauli tu, au mtihani unaokungoja pale Egerton. Lakini kando ya Mto Njoro kuna pango ambalo Mary na Louis Leakey walilichimba mwaka wa 1938. Walikuta mabaki ya makumi ya watu yaliyochomwa, bakuli za mawe, shanga, na vibuyu vilivyogeuka makaa. Je, watu hao waliishi lini? Enzi hizo, hata wataalamu walikuwa wakikisia tu.

Jibu lilikuja kupitia jamaa ambaye wala hakuwa mchimbaji. Willard Libby alizaliwa shambani huko Colorado, Marekani, mwaka wa 1908. Alisomea kemia Berkeley, akapata udaktari 1933, na akawa fundi wa kuunda vifaa vya kupima miale hafifu kabisa.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, aliingizwa kwenye mradi wa siri wa bomu la atomiki, akishughulikia utenganishaji wa urani. Mwaka wa 1945 akahamia Chuo Kikuu cha Chicago na kugeukia jambo tofauti kabisa.

Hebu chukua sukuma wiki. Miale ya kutoka anga za juu hutengeneza kaboni-14 hewani. Mmea unaivuta, wewe unaula mmea, nayo inaingia mwilini mwako. Ukifa, huongezi nyingine, na ile uliyo nayo inazidi kupungua: kila miaka 5,730, nusu yake imeisha. Kwa hivyo ukipima iliyobaki, unajua kiumbe alikufa lini.

Rahisi, eti? Wapi! Miale yenyewe ni hafifu mno hivi kwamba Libby alilazimika kukizungushia kipimo chake chuma kizito. Kisha yeye na James Arnold wakajaribu mbao za makaburi ya mafarao, ambazo umri wake ulijulikana tayari. Hesabu zikakaribiana. Walitangaza matokeo 1949, na 1960 Libby akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa njia hiyo, makaa ya Njoro yalionyesha takriban miaka 3,000. Kwa hivyo mtu akikuambia historia ya Nakuru ilianza na reli na walowezi, una jibu.

Ila Libby hakuwa malaika. Kuanzia 1954 hadi 1959 alikuwa katika Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, akitetea majaribio ya mabomu na kusema madhara yake ni madogo. Mwanakemia mwenzake, Linus Pauling, alimpinga vikali. Na kumbe majaribio hayo hayo yalikaribia kuongeza maradufu kaboni-14 hewani, yakaivuruga saa aliyoivumbua mwenyewe!

Alifariki 1980. Sayansi ile ile ilimfikisha kwenye bomu, na ikawarudishia wazee wa Njoro miaka yao. Wewe ukiipata, utaipeleka wapi?