MEKATILILI: MAMA ALIYEPIGANA KWA NGOMA

Kila chama chetu kinapoanza mazoezi ya ngoma za kiasili, huwasikia baadhi ya wenzangu wakicheka. Eti ngoma ni ushamba! Kwa hao ninazo habari za mama mmoja wa Kigiriama.

Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi wa Menza. Alipojaliwa mtoto aliyeitwa Katilili, watu wakamwita Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Hakuwa na bunduki wala cheo cha serikali.

Mnamo 1913 Waingereza waliwadai Wagiriama kodi ya nyumba na kuwataka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Mekatilili akakataa katakata. Silaha yake? Kifudu! Hiyo ni ngoma ya wanawake, ya matangani. Aliicheza kijiji hadi kijiji, watu wakamfuata, na huko Kaya Fungo wakala kiapo cha kutoshirikiana na serikali ya kikoloni. Hapo ndipo ninapoiona akili yake. Ngoma ya kuwalilia wafu aliifanya ya kuililia nchi. Fumbo hilo halikuhitaji mfasiri.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali, Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakafunga safari ya kurudi Pwani kwa miguu, mamia ya kilomita. Si mchezo! Mwaka uo huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikazuka. Mama huyo akakamatwa tena. Alirudi kwao 1919, akafariki miaka ya 1920.

Je, sisi wanafunzi tunajifunza nini? Katika ngoma hakuna anayecheza peke yake. Anayekimbilia mbele anaharibu, na anayezembea nyuma anaharibu vilevile. Sharti umsikilize mpiga ngoma, umwangalie jirani yako na uvumilie jasho. Aliyezoea hayo uwanjani hatashindwa kuwa na subira darasani, wala hatamwacha mwenzake akiwa taabani bwenini. Wagiriama walisimama pamoja kwa kuwa miguu yao ilikwisha zoea kwenda pamoja.

Basi ewe mwenzangu unayecheka dirishani, vua viatu uje. Nafasi ingalipo. Mwacha mila ni mtumwa.