Don Bosco na vijana 44 wa kipindupindu



Wengi wetu tunamjua Mtakatifu Yohane Bosco kwa picha moja tu: padre mwenye tabasamu, watoto wamemzunguka, mpira uko pembeni. Picha hiyo si ya uongo. Lakini nikiambiwa nichague mwaka mmoja wa maisha yake niutazame kwa karibu, nachagua 1854. Ndio mwaka ambao kipindupindu kiliingia mji wa Torino, naye akawatuma vijana wake kwenda kuhudumia wagonjwa. Aliwatuma kweli, watoto wa watu, wengine wana miaka kumi na sita tu. Na swali la kama alifanya vema ni zito kuliko tunavyolisikia kwenye mahubiri ya tarehe 31 Januari.

Kwa wale wanaokutana naye leo kwa mara ya kwanza: alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kitongoji cha wakulima kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki yeye akiwa hajafikisha miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma, ila ndiye aliyemlea na kumfundisha katekisimu. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1841, na mwaka huohuo akaanza kukusanya vijana waliokuja mjini kutafuta vibarua vya ujenzi, walalao popote, wengine wametoka jela juzi. Alifukuzwa huku na kule pamoja na kundi lake lenye kelele hadi mwaka 1846 alipopata banda la kupanga pale Valdocco. Vuli ya mwaka ule mama yake akaacha nyumba yake kijijini, akaja kuishi naye na kuwapikia wale vijana.

Sasa Valdocco ilikuwa wapi? Bondeni, upande wa mto Dora, kwenye mitaa ya maskini. Nyumba zimebanana, visima viko karibu na vyoo. Ukijua kipindupindu kinavyotembea, tayari unaona kinachokuja.

Kiangazi cha 1854 ugonjwa ulikuwa umeshaupiga vibaya mji wa bandari wa Genova. Mwisho wa Julai wagonjwa wa kwanza wakaonekana Torino. Mpaka ulipokwisha, mwezi Novemba, mji ulikuwa umehesabu wagonjwa wapatao 2,500, na kati yao kama 1,400 walikufa. Zaidi ya nusu! Mitaa ya jirani na Don Bosco ndiyo iliyoumia kuliko yote.

Tuelewe huo ugonjwa unaua vipi. Kijidudu cha kipindupindu huingia mdomoni kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa. Kikifika kwenye utumbo hutoa sumu inayoufanya mwili umwage maji yake wenyewe. Mgonjwa huharisha kitu kama maji yaliyooshea mchele, hutapika, misuli inakaza, macho yanaingia ndani, ngozi inakuwa ya baridi. Anaweza kuwa mzima asubuhi na jioni akawa maiti. Anachohitaji ni kurudishiwa maji na chumvi anavyopoteza, upesi. Leo kila zahanati ina pakiti za chumvi-sukari ya kuchanganya na maji safi na salama, na wagonjwa walio wengi wanaowahi hupona. Mwaka 1854 dawa hiyo rahisi hawakuwa nayo. Madaktari wengi waliamini ugonjwa unatokana na hewa mbaya, harufu ya uozo. Watu wa mitaani nao walikuwa na yao: eti madaktari wanawanywesha maskini sumu usiku ili wafe haraka, mji upone. Kwa hiyo familia zikawa zinaficha wagonjwa, na wengine wakawakimbia ndugu zao wakawaacha ndani peke yao. (Sisi tuliopita kipindi cha korona, uvumi wa namna hii tunaujua vizuri.)

Meya wa mji alihitaji watu wa kuingia kwenye zile nyumba na kwenye majengo yaliyotengwa kwa wagonjwa. Pesa ilikuwepo, watu hawakupatikana. Tarehe 5 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria wa Theluji, Don Bosco akawakusanya vijana wake. Akawaeleza hali ilivyo, akawaambia kwamba yeye mwenyewe anakwenda, akauliza nani yuko tayari kufuatana naye. Wakajitokeza kumi na wanne. Siku chache baadaye wakaongezeka thelathini, jumla 44. Akawagawa: wengine wakae kwenye hospitali za muda, wengine wapite nyumba kwa nyumba, wengine wasubiri pale nyumbani kuitwa usiku au mchana.

Akawapa ahadi pia. Aliwaambia kwamba wakikaa katika neema ya Mungu, wakaepuka dhambi ya mauti na wakavaa medali ya Mama Maria shingoni, hakuna hata mmoja wao atakayekufa. Na mbele ya altare alimwomba Mungu kwamba kama lazima achukue mtu wa nyumba ile, amchukue yeye, awaache vijana.

Hapa mimi husimama. Nimesoma falsafa, na pale tulifundishwa mapema kabisa kwamba jambo kutokea baada ya lingine si ushahidi kwamba limesababishwa na hilo lingine. Hakuna kijana aliyekufa. Hilo wasimulizi wote wa maisha yake wanakubaliana. Je, ni medali? Ni bahati? Tena, padre akiniahidi leo kwamba sitaugua nikiwa sina dhambi, nitamkimbia. Maana yake ni kwamba waliougua walikuwa wadhambi? Hapana, na Don Bosco hakuwafundisha hivyo. Watoto wachanga walikufa Torino, na mapadre wema walikufa kwenye milipuko ya namna hii kila mahali. Ninavyosoma mimi, ahadi ile haikuwa kanuni ya afya, ilikuwa ahadi ya baba mmoja kwa watoto wake, siku moja, na aliweka uhai wake mwenyewe kama rehani. Atakayeigeuza kuwa kanuni anamjaribu Mungu.

Na tusiruke kitu kidogo ambacho wahubiri wengi wanakiruka: siki. Kila kijana alibeba chupa ndogo ya siki, na kila alipomgusa mgonjwa alitakiwa anawe mikono kwa hiyo siki. Nyumbani nako Don Bosco alisafishisha vyumba na kupunguza msongamano wa vitanda. Sababu aliyokuwa nayo kichwani yamkini ilikuwa ileile ya hewa mbaya. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakipatani na tindikali, na mikono inayonawa kabla ya kwenda mdomoni haibebi kinyesi. Kwa hiyo padre huyu alisali kama kila kitu ni cha Mungu na akanawa mikono kama mtu aliyesikia habari za vijidudu, ambazo hakuna aliyekuwa amemwambia.

Inashangaza kwamba majibu yalikuwa yanapatikana mwaka uleule. Huko Firenze, Filippo Pacini alitazama kwa hadubini utumbo wa waliokufa akakiona kijidudu chenyewe, hakusikilizwa. London, mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, zaidi ya watu 600 walikufa kuzunguka pampu moja ya maji mtaa wa Broad Street. Daktari John Snow alihesabu wafu nyumba kwa nyumba, akawashawishi viongozi wa mtaa waondoe mpini wa ile pampu. Tarehe 8 Septemba ukaondolewa. Dunia ilichukua miaka thelathini zaidi, hadi utafiti wa Robert Koch, kukubali kwa wingi kwamba adui ni kijidudu. Vijana wa Valdocco hawakujua lolote kati ya hayo. Walijua tu kwamba nyumba ya tatu kulia kuna mtu analia na hakuna anayefungua mlango.

Mama Margherita naye alikuwa na vita vyake. Vijana walikuwa wanarudi mbio kuomba shuka, blanketi, shati, maana wagonjwa walichafua kila kitu na hawakuwa na cha kubadili. Alitoa mpaka kabati likabaki tupu. Siku moja kijana akaja kumwombea mgonjwa asiye na kitu cha kujifunika. Mama akampa kitambaa cha meza. Kilipokwisha hicho, alikwenda kwenye vitu vya sakristia, vitambaa vya altare na alba, kwa ruhusa ya mwanae, akavitoa. Kanisani tunabishana sana kuhusu heshima ya vitambaa vya altare. Mimi kesi hii namwachia Mama Margherita aiamue.

Si kweli kwamba hakuna aliyeumwa. Giovanni Cagliero, mmoja wa vijana waliokuwa wakienda kuhudumia, aliangushwa na homa ya matumbo, ugonjwa mwingine unaopita njia ileile ya maji na chakula. Ilifika mahali akaandaliwa kufa. Akapona. Baadaye akawa mmisionari wa Patagonia, akawa askofu wa kwanza wa Wasalesiani na mwisho kardinali. Naye Dominiko Savio alihamia Valdocco tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, mlipuko ukiwa unaelekea kwisha. Don Bosco mwenyewe ameandika jinsi kijana huyu alivyong'ang'ania mlangoni kwa mtu fulani akidai kuna mgonjwa wa kipindupindu mle ndani. Mwenye nyumba akakataa. Walipotafuta, wakamkuta mama mmoja kibarua kwenye kichumba cha juu, karibu anakata roho, na padre akamwahi.

Mlipuko ulipopoa, mji ulibaki na yatima. Don Bosco alikwenda pale walipokusanywa na kuchukua wapatao ishirini. Mmoja alikuwa Pietro Enria, mvulana wa miaka kumi na mitatu. Don Bosco alimuuliza jina lake, akamuuliza kama angependa kuja naye, na mtoto akakubali. Alikulia Valdocco, akawa bruda Msalesiani, mtu wa kazi zote. Don Bosco alipougua mara ya mwisho, miguu haibebi tena, Enria ndiye aliyekesha naye usiku, akimgeuza na kumbadilishia shuka, hadi alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888.