Maisha ya Bwana Richard von Mises

Sisi tukaao Kongwa tumesikia sana habari za mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Wakati wa kiangazi udongo wa hapa hukauka ukawa mgumu mno, na vyuma vingi vya kulimia viliharibika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Fundi huweza kukinyoosha chuma kilichopinda, lakini je, atajuaje kimeumia kiasi gani? Nataka niwasimulie maisha ya mtu aliyetusaidia kulijibu swali hilo.

Bwana Richard von Mises alizaliwa tarehe 19 Aprili 1883 mjini Lemberg, uliotawaliwa na Austria. Siku hizi mji huo huitwa Lviv, nao uko Ukraine. Alisoma Vienna, na mwaka 1909 akawa profesa Strassburg. Alipenda hesabu zenye kufanya kazi. Alijifunza kurusha ndege, na katika Vita Kuu ya Kwanza aliliundia jeshi la Austria ndege yenye nguvu za farasi 600.

Mwaka 1913 alitoa kanuni yake mashuhuri. Chuma kimoja huweza kuvutwa, kukandamizwa na kusokotwa kwa pamoja. Ni lini kitashindwa kurudi katika umbo lake? Yeye aliziunganisha nguvu hizo zote zikawa hesabu moja, ya kulinganishwa na chuma kilichovutwa upande mmoja tu. Maksymilian Huber alikuwa amekwisha kulitoa wazo hilo mwaka 1904, lakini aliandika kwa Kipolandi, na wataalamu wengi wa nchi nyingine hawakumsoma.

Baadaye njia hiyo ilitumiwa kupima mabadiliko ya umbo yasiyorudi. Chukua waya, uukunje, kisha uunyooshe. Kwa macho umerudi ulivyokuwa, kumbe sivyo. Kila mkunjo huongezwa katika hesabu wala haufutwi, na mwishowe waya hukatika. Viwandani huchora viduara juu ya bati kabla ya kulikandamiza. Viduara vikirefuka mfano wa yai, hupima urefu na upana wake, wakajua kama bati li karibu kupasuka.

Mwaka 1933 Wanazi walishika utawala wa Ujerumani. Von Mises, aliyekuwa profesa Berlin, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Akaacha cheo chake, akaenda kufundisha Istanbul, Uturuki. Mwaka 1939 akahamia Marekani, akafundisha Harvard. Mwaka 1943 alimwoa Hilda Geiringer, bibi mtaalamu wa hesabu, ambaye naye alikuwa amekimbia Berlin. Von Mises alifariki Boston tarehe 14 Julai 1953, na mkewe akayahariri maandishi yake.

Basi, ndugu wanafunzi, jembe lililonyooshwa si sawa na jembe jipya. Tusiridhike na kutazama kwa macho, bali tupime.