Scott Forbush: Mtu aliyeiona dhoruba ya jua kwenye daftari

Novemba 1929, meli ya utafiti iitwayo Carnegie, iliyojengwa karibu bila chuma ili isivuruge vipimo vya sumaku, ililipuka ikitiwa petroli katika bandari ya Apia, Samoa. Nahodha James Ault na kijana mmoja wa melini walifariki. Miongoni mwa walionusurika alikuwa Mmarekani wa miaka 25, Scott Forbush, mzaliwa wa Hudson, Ohio.

Ndugu msomaji, jina hili halisikiki mitaani, lakini wachunguzi wa anga hulitaja kila jua linapochafuka.

Forbush aliajiriwa na Taasisi ya Carnegie ya Washington. Alifuatilia miale ya kosmiki, yaani chembechembe zenye nguvu kubwa zitokazo mbali angani na kuipiga dunia usiku na mchana. Vyombo vya kuipima viliwekwa Cheltenham, Marekani, na Huancayo, milimani Peru. Yeye alikaa na tarakimu, mwaka baada ya mwaka.

Aprili 1937 dhoruba kali ya sumaku iliikumba dunia. Vipimo vya vituo vyote viwili vikashuka kwa pamoja. Kingeshuka kimoja, lawama ingekiangukia chombo. Kushuka viwili vilivyotengana kwa maelfu ya kilomita kulimaanisha jambo kubwa zaidi. Mshuko huo leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba chanzo ni mkondo wa umeme unaoizunguka dunia. Mwaka 1960 chombo Pioneer 5, kikiwa mbali na dunia, kilikuta miale imepungua huko huko. Ikabainika kwamba jua hutema mawingu ya gesi yenye sumaku, nayo huifukuza sehemu ya miale. Hali hurejea taratibu, kwa siku kadhaa.

Mwaka 1946 Forbush alionyesha kwamba jua nalo hutoa miale ya aina hiyo wakati wa milipuko yake. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba katika mzunguko wa miaka 11, madoa ya jua yakizidi, miale hupungua.

Alifariki Aprili 1984. Leo kazi yake inawahusu warusha setilaiti, na hata sisi tunaosafiri kwa ndege kwenda nyumbani, maana huko juu miale ni mingi kuliko ardhini. Nchi zinazotupa kumbukumbu zake zikumbuke kwamba ugunduzi huu ulitoka kwenye madaftari yaliyotunzwa kabla ya yeyote kujua faida yake.