WANAZUONI WETU: JAMSHID AL-KASHI NA MZINGO WA DUARA

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu wanafunzi na wazazi, safari hii tunawaletea maisha ya Ghiyathuddin Jamshid bin Mas'ud Al-Kashi. Alizaliwa yapata mwaka 1380 katika mji wa Kashan, Iran. Zama zile zilikuwa za vita vya Timur, na maisha yalikuwa ya dhiki. Alisomea utabibu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hisabati na elimu ya nyota. Mwaka 1406 tunamkuta Kashan akifuatilia kupatwa kwa mwezi na kuandika vipimo vyake.

Baadaye alikwenda Samarkand, ambayo leo ipo Uzbekistan, kwa mtawala Ulugh Beg, mjukuu wa Timur. Huko palikuwa na madrasa kubwa ambamo hisabati na elimu ya nyota zilisomeshwa pia. Barua alizomwandikia baba yake kutoka huko zimehifadhiwa. Anamsimulia masuala magumu yaliyoletwa mbele ya wanazuoni na jinsi alivyoyatatua. Pamoja na elimu yake yote, hakumsahau mzee wake.

Kazi tunayotaka kuieleza aliikamilisha mwaka 827 Hijria (1424). Suala lilikuwa hili: mzingo wa duara ni mara ngapi ya kipenyo chake? Ndiyo hesabu tunayoiita pai. Njia ya kale ni kuweka umbo la pande zilizonyooka ndani ya duara na jingine nje yake. Mzingo wa duara huwa baina ya mizingo ya maumbo hayo mawili, na kila pande zikiongezeka, nafasi baina yao hupungua. Archimedes, Mgiriki, alifika pande 96. Lakini ukipima mzingo wa dunia kwa hesabu yake, inabaki shaka ya kiasi cha kilomita 25.

Al-Kashi hakuridhika, lakini hakukurupuka kuhesabu. Kwanza alijiwekea sharti. Alichukua duara kubwa kabisa, lenye kipenyo mara 600,000 ya kipenyo cha dunia, akataka kosa katika mzingo wake lisifikie upana wa unywele wa farasi. Kisha ndipo akatafuta ni pande ngapi zitatimiza sharti hilo. Akaona aanze na pembetatu, azidishe pande kwa mbili mara 28, mpaka zifike 805,306,368. Umbo kama hilo halichoriki. Ilimbidi atafute vipeuo vya pili kimoja baada ya kingine, kwa mkono, huku akihakiki kila hatua. Akapata 3.1415926535897932, tarakimu 16 sahihi baada ya nukta. Hakuna aliyempita mpaka mwaka 1596, alipotokea Ludolph van Ceulen huko Uholanzi.

Enyi mnaosoma hisabati za juu, hapa ndipo ulipo moyo wa somo la kikomo. Kusema hesabu inakaribia kikomo maana yake ni kwamba mtu akikutajia kosa lolote, hata likiwa dogo vipi, unaweza kumwonyesha hatua ambayo kuanzia hapo kosa lako ni dogo zaidi. Al-Kashi alilikaribia duara kwa njia mbili, ndani na nje, na zote zikaelekea pamoja. Mkifika kwenye hesabu za x na y kwa pamoja, mtakuta njia za kuiendea nukta moja hazina idadi. Njia mbili tu zikileta majibu tofauti, basi kikomo hakipo.

Mwaka 1427 alikamilisha kitabu chake mashuhuri, Miftah al-Hisab. Alifariki Samarkand tarehe 19 Ramadhani 832 Hijria, sawa na 22 Juni 1429.

Risala yake ya duara aliifungua kwa kumsifu Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye ajuaye uwiano wa mzingo na kipenyo. Alijua kuwa hakufika mwisho, lakini alijua pia kwa yakini amebakisha kiasi gani. Nasi tusiseme tu kwamba tumekaribia, iwe katika hesabu au katika kuhifadhi. Tujiulize tumebakisha kiasi gani, kisha tuendelee.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.