Zayd bin Thabit, Kijana Aliyeaminiwa

Wengi wetu twalijua jina la Zayd bin Thabit kwa jambo moja, nalo ni kuikusanya Qur'ani. Si wengi wanaouliza alikuwa na umri gani alipopewa kazi hiyo, wala ni nani aliyemlea hata akaiweza. Masuala mawili haya ndiyo yaliyonitia kuandika.

Zayd alikuwa Ansari, wa ukoo wa Banu Najjar katika kabila la Khazraj. Baba yake aliuawa katika vita vya Bu'ath, Aus na Khazraj walipokuwa wakimalizana wenyewe kwa wenyewe kabla ya Uislamu, naye Zayd akabaki yatima wa miaka 6. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, mwaka 622 wa Miladi, yatima huyu alikuwa na miaka 11. Jamaa zake wakampeleka mbele yake, wakamweleza kuwa mtoto huyu amekwisha kuhifadhi sura zaidi ya 10. Akasoma, na Mtume akapendezwa naye.

Lakini hakuishia kupendezwa. Alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa barua zilikuwa zikienda na kurudi kwa maandishi yao, na Mtume hakuwa na amani kuwa maneno yake hayatageuzwa. Zayd akajifunza kwa nusu ya mwezi, kisha akawa yeye ndiye mwenye kuziandika barua hizo na kuzisoma zilizoletwa. Imepokewa pia kuwa alijifunza Kisuryani kwa siku 17. Asiyesomesha watoto huenda akaona jambo hili ni la ajabu mno. Sisi tunaokaa nao vyuoni twajua kuwa mtoto wa umri ule, akipata mtu mwenye haja na ujuzi wake, hushika upesi kuliko mwalimu wake.

Na kuandika kwenyewe kulikuja kwa njia inayostahili kutazamwa. Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), walitekwa makafiri wapatao 70. Asiyekuwa na mali ya kujikomboa naye ajua kuandika, fidia yake ilikuwa kuwafundisha watoto 10 wa Madina, wakishajua aende zake. Ibn Saad amemtaja Zayd katika watoto waliojifunza hivyo. Walimu hao walikuwa waabudu masanamu, na siku chache nyuma walikuwa wameshika panga kuwaua baba za wanafunzi wao. Anayemzuia mwanawe asijifunze sanaa kwa sababu ya dini ya fundi, na aizingatie khabari hii.

Zayd mwenyewe alitaka kwenda Badr akarudishwa kwa udogo wake. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 (627), alikuwa akichukua mchanga pamoja na watu. Usingizi ukamshinda, na Umara bin Hazm akamfichia silaha yake kwa mzaha. Mtume akakataza Mwislamu asitishwe, hata kwa mchezo. Miaka michache baadaye, katika safari ya Tabuk, bendera ya Banu Malik bin Najjar ilikuwa mkononi mwa Umara huyo huyo. Mtume akaitwaa akampa Zayd. Umara akadhani amesingiziwa jambo, akaenda kuuliza. Akajibiwa kuwa hana kosa, ila Qur'ani hutangulizwa, na Zayd ameihifadhi zaidi yake. Kijana huyo alikuwa hajapita miaka 20.

Mtume alipofariki, mwaka wa 11 (632), Ansari walikutana Saqifa kushauriana juu ya uongozi, na mji ukakaribia kugawanyika. Zayd alisimama katika wazee wa kwao akasema kuwa Mtume alikuwa katika Muhajirina, basi imamu awe katika wao, na Ansari wawe wasaidizi wake kama walivyokuwa wasaidizi wa Mtume. Hakuambiwa akae chini kwa kuwa ni mtoto.

Kisha vita vya Yamama vikaua wasomi wengi, na Umar akamshauri Abubakar (r.a.) Qur'ani ikusanywe. Abubakar akamwita Zayd, akamtajia sababu za kumchagua: ni kijana, ana akili, hatuhumiwi, na alikuwa akimwandikia Mtume wahyi. Zayd kwanza alisita kufanya jambo ambalo Mtume hakulifanya, na alipokubali aliona kuuhamisha mlima kungalikuwa kwepesi zaidi. Alikuwa hafidhi, wala hakutosheka na kifua chake. Alitafuta yaliyoandikwa katika pongoo za makuti ya mtende, katika mawe na ngozi, na katika vifua vya watu; mwisho wa Sura ya Tawba hakuupata umeandikwa ila kwa Abu Khuzayma.

Wakati wa Uthman alirudishiwa kazi hiyo, pamoja na Makureshi watatu: Abdullah bin Zubayr, Said bin Al-As na Abdur-Rahman bin Al-Harith. Hapa hatufichi kuwa Abdullah bin Mas'ud, naye ni mkubwa katika wasomi, jambo hili lilimuudhi, kwani yeye alihifadhi sura nyingi Zayd angali akicheza na watoto wenziwe. Wanavyuoni wamemtolea Uthman udhuru: Ibn Mas'ud alikuwa Kufa na kazi iko Madina, na Zayd ndiye aliyekwisha kuifanya mara ya kwanza.

Umar alikuwa akimwachia Madina anaposafiri, na katika faraidhi aliwaelekeza watu kwake. Ibn Abbas, aliyekuwa wa nyumba ya Mtume, alimshikia kikuku cha mnyama wake kwa kuiheshimu ilimu, na Zayd akambusu mkono kwa kuwaheshimu Ahlul-Bayt.

Imamu Shafi'i alimfuata yeye katika faraidhi, na sisi wa pwani twarithiana kwa ijtihadi yake. Mtu akifa akaacha babu na ndugu mmoja shakiki, wengine wamesema babu humzuia ndugu asipate kitu; kwa Zayd wagawana nusu kwa nusu. Wakiwa ndugu watatu, kugawana sawa kungempa babu robo. Basi hupewa thuluthi, kwa kuwa ndiyo bora kwake.

Alifariki Madina, na kauli mashuhuri ni mwaka wa 45 (665). Mwanawe Kharija akawa mmoja wa wale mafakihi saba wa Madina, na kwake yeye ndiko ilikopokewa khabari ya baba yake na nusu ya mwezi ile.