Gakaara wa Wanjau: Mwandishi wa Karatina Aliyepima Uzito wa Neno

Mwanafunzi akiambiwa aandike insha juu ya uhuru, mara nyingi hukimbilia bendera na gwaride kabla hajalieleza neno lenyewe. Insha ya namna hiyo huenda mrama kama chombo kisicho usukani. Marehemu Gakaara wa Wanjau wa Nyeri alilijua jambo hili, na alililipia kwa kifungo.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 upande wa Tumutumu, karibu na Karatina, mji wa soko ulio chini ya Mlima Kenya. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Kijana alisoma Tumutumu, kisha Alliance, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari, akafika hata Uhabeshi. Aliporudi aliingia katika kazi ya kuandika na kuchapisha vijitabu vya bei nafuu, na hadithi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1946.

Kimoja katika vijitabu vyake alikiandika kwa Kiswahili, akakiita Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Hebu tulitazame neno la kwanza. Kwetu sisi tuliopitia chuoni, roho ni siri ya Mwenyezi Mungu, na elimu yake iko kwake. Gakaara hakukusudia hiyo. Alikusudia ule moyo wa ushujaa unaomfanya mtu asikubali kudharauliwa. Neno ni moja, maana ni mbili. Na mwandishi asipoonyesha ni ipi aliyoishika, msomaji wake atatia nanga bandari nyingine.

Neno uhuru nalo lina mambo yake. Tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao huru ni kinyume cha mtumwa. Asili yake basi ni kutomilikiwa. Wenzetu wa Nyeri husema wiyathi, neno lililojengwa juu ya shina la kutawala, yaani kujitawala. Watu huyafasiri maneno haya mawili kama pacha, kumbe yamepishana. Mtu aweza kuwa si mtumwa wa yeyote, na bado shamba lake likagawiwa wengine na mtawala asiyemchagua. Ndiyo sababu katika madai ya watu wa Mlima Kenya wiyathi ilitajwa pamoja na ithaka, maana yake ardhi. Mwaka 1971 Gakaara alitoa kitabu kuhusu Wagikuyu na Mau Mau, na neno hilo wiyathi akalitia katika jina lake.

Lakini neno lililomponza ni jingine. Mwaka 1952 alichapisha Witikio wa Gikuyu na Mumbi, tamko la imani kwa mfano wa lile linalosomwa makanisani, ila hili lilihusu ardhi na wazazi wa kabila. Witikio ni imani. Na msomaji atasikia humo sauti ya kitenzi chetu kuitikia. Watu waliitikia kweli, na serikali ya kikoloni ikaona hatari. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa mwanzo kabisa.

Katika safari yake ya kizuizini aliletwa pwani yetu, kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, na baadaye Hola, kando ya Mto Tana. Kambi ya Athi River ilimtia katika mtihani mwingine: humo aliandika michezo ya kuigiza katika mpango wa serikali wa kuwageuza wafungwa nia. Kalamu ile ile iliyowaamsha watu ikatumiwa kuwatuliza. Hata hivyo, kwa siri alikuwa akiweka kumbukumbu zake za kila siku.

Kumbukumbu hizo zilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1983, na mwaka 1984 zikapata tuzo ya Noma, iliyogawanywa kati yake na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Katika jina la kitabu mna neno ithaamirio, mahali mtu anapohamishiwa kwa nguvu. Kuhama kwa hiari ni jambo moja, na kuhamishwa ni jingine. Neno hilo aliliandika kwa irabu mbili, kwani alishikilia kwamba sauti ndefu iandikwe kwa urefu wake. Mwalimu wa chuoni atamwelewa mara moja: madda ikipotea, maana nayo hupotea.

Kule Karatina aliendelea kuchapisha vitabu na magazeti kwa lugha yake, pamoja na vitabu vya kuwafundisha watoto kuisoma vyema, hata alipofariki mwaka 2001.

Vijana wetu wanaoandika insha na wamtazame mzee huyu. Neno linaloweza kumpeleka mtu Manda halifai kutupwa ukurasani bila kupimwa. Lieleze kwanza unavyolikusudia, kisha jenga hoja yako. Na atakayekupinga apinge ulilosema, asipinge alilodhani umelisema.